Maswali ya Wasomaji: Ukibakiwa na Chipu Chache, Programu Ikusaidieje?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni kijana wa Chikongola, Mtwara. Jumamosi jioni tunacheza mashindano ya poka watu tisa, vizibo vya soda ndiyo chipu zetu, na hakuna fedha inayowekwa. Wiki iliyopita nilibakiwa na chipu 8,000, dau dogo la lazima likiwa 500 na dau kubwa 1,000. Nilikuwa kwenye dau dogo, wengine wote wamekwisha kutupa karata, na aliyebaki kuamua baada yangu alikuwa mwenye dau kubwa, mwenye chipu 20,000. Nilishika mfalme wa shupaza na 4 ya uru, nikatupa. Rafiki yangu aliingiza mkono huo kwenye programu ya uchambuzi, ikasema nilipaswa kuweka zote. Programu ilijuaje, ilhali haikuona karata za mwenzangu?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Programu haikujua karata za mwenzako, wala haikudai kuzijua. Karata 52 hutoa mikono 1,326 ya karata mbili mbili, na kazi ya programu ni kuchukua kundi la mikono ambayo mpinzani angeikubali, yaani angeweka chipu kulingana na zako, kupima mkono wako dhidi ya kundi hilo lote, kisha kukuambia ungebaki na chipu ngapi kwa wastani. Hesabu hiyo unaweza kuifanya mwenyewe nyuma ya daftari, na ningependa uifanye angalau mara moja, kwa sababu ukiishaifanya kwa mkono hutaiogopa tena programu, wala hutaiabudu.

Ukitupa, unabaki na 7,500, kwa kuwa 500 zimekwisha kwenda. Sasa tuchukulie kwamba ukiweka zote, mwenzako atakubali kwa mikono 40 katika kila 100, na kwamba akikubali, wewe utashinda mara 40 katika 100. Mara 60 atatupa, nawe utakuwa na 9,000, yaani 8,000 zako na 1,000 za dau lake. Mara 40 zilizobaki mtafunua karata, na wastani wako hapo ni 6,400, kwa kuwa kitita ni 16,000 na sehemu yako ni asilimia 40. Asilimia 60 ya 9,000 ni 5,400, na asilimia 40 ya 6,400 ni 2,560. Jumla ni 7,960. Kwa kutupa uliacha chipu 460 mezani.

Hata hivyo, hilo si jambo kubwa kuliko yote katika mkono wako. Jambo kubwa ni kubadilisha makisio na kutazama kama jibu linapinduka. Fanya mwenzako awe mtu asiyetupa kitu, anayekubali kwa karata zozote: mfalme na 4 dhidi ya karata zozote hushinda zaidi kidogo ya nusu, kwa hiyo unapata zaidi ya 8,000. Mfanye awe mwoga anayekubali kwa mikono 15 tu katika 100: ukifunua utashindwa mara nyingi, pengine ushinde mara moja katika tatu, lakini atakuwa amekuachia dau lake mara 85, na wastani wako unapita 8,400. Katika hali zote tatu, kuweka zote kunazidi 7,500. Jibu lisilopinduka namna hiyo unaweza kuliamini. Mkono ambao jibu lake linapinduka kwa badiliko dogo la makisio, programu hata ikiandika kwa rangi ya kijani kibichi kwamba uweke, ujue kwamba uamuzi bado uko kwako na kwa unavyomfahamu mtu aliyekaa mbele yako.

Programu nyingi huanza na makisio ya Nash. Jina hilo ni la John Nash, mwanahisabati wa Marekani, ambaye mwaka 1950 alieleza hali ambayo hakuna mchezaji anayeweza kujiongezea faida kwa kubadili mbinu yake peke yake. Hapo ni pazuri pa kuanzia, lakini wenzako wa Chikongola hawajasoma jedwali la Nash. Kama unajua kwamba fulani hukubali kwa ree yoyote na kwa jozi yoyote, na kwa kingine hakubali, ingiza hivyo.

Kuhusu neno lako la mwisho, kwamba mwenzako karata zake hazikuonekana: ndiyo maana kuweka zote mapema kuna nguvu kuliko kukubali. Anayeweka kwanza ana njia mbili za kupata kitita, mpinzani atupe au karata zishinde. Anayekubali ana njia moja tu.

SWALI: Mwalimu, mimi ni dada wa Lindi Mjini. Tulibaki watatu, kila mmoja ana chipu 10,000, dau kubwa 1,000. Zawadi zilitolewa na mwenye duka: korosho kilo 5 kwa wa kwanza, 3 kwa wa pili, 2 kwa wa tatu. Mwenye dau dogo aliweka zote, nami nilikuwa kwenye dau kubwa. Baadaye programu ilionyesha nilikuwa na nafasi ya asilimia 51, na kwamba asilimia 45 zingetosha. Nilikubali, nikashindwa. Kaka yangu anasema nilikosea. Nani mkweli?

JIBU: Dada yangu, kaka yako ni mkweli, lakini si kwa sababu ulishindwa. Programu uliiweka ihesabu chipu, nawe ulikuwa unacheza korosho. Kwa chipu, ulitakiwa kulipa 9,000 ili kuwania kitita cha 20,000, na hapo ndipo zilipotoka asilimia 45.

Sasa tuhesabu kwa kilo. Chipu zikiwa sawa, kila mmoja wenu ana haki ya theluthi ya kilo 10, yaani kilo 3.33. Ukikubali na kushinda, una theluthi mbili za chipu zote na umebaki na mpinzani mmoja: mara mbili katika tatu utapata kilo 5, na mara moja kilo 3, kwa hiyo thamani yako ni kilo 4.33. Ukishindwa, unaondoka na kilo 2. Tazama vizuri: chipu zako zimeongezeka maradufu, lakini korosho zako zimeongezeka kilo 1 tu, ilhali hasara ni kilo 1.33. Ukiacha pembeni madau ya lazima, unahitaji asilimia 57 ili ulingane tu. Ukiyaingiza, kwa kuwa 1,000 yako ilikwisha kutoka, kiwango kinashuka hadi zaidi kidogo ya 52. Asilimia 51 hazifiki. Na yule wa tatu, ambaye alikaa kimya akila muhogo wake, thamani yake ilipanda kutoka kilo 3.33 hadi 3.67 bila kugusa karata.

ICMIZER, inayofunguka kwenye kivinjari, na HoldemResources Calculator, inayowekwa kwenye kompyuta, zote hufanya hesabu hii, mradi uingize zawadi na chipu za kila aliyebaki mezani, hata asiyehusika na mkono huo. Watu wengi huruka hatua hiyo kwa haraka zao, na majibu wanayoyapata ni ya mashindano mengine kabisa.

SWALI: Je, ninaweza kuifungua programu wakati mchezo ukiendelea kwenye simu? Msomaji, Mikindani.

JIBU: Hapana. Majukwaa makubwa ya poka ya mtandaoni yanakataza msaada wa namna hiyo wakati wa mchezo na huwafungia wanaokamatwa. Hata mezani na marafiki, ni kuwaibia.

Itumie baada ya mchezo. Ukiwa mezani, andika mambo manne kwenye kidaftari: chipu za kila mtu, madau ya lazima, karata zako, na ulikaa wapi. Ukifika nyumbani, kabla ya kufungua programu, andika la tano: unadhani mpinzani angekubali kwa mikono ipi. Usilirekebishe baada ya kuona jibu. Baada ya mikono 20 au 30, linganisha safu hiyo ya tano na karata ambazo wapinzani walizifunua kweli, maana makosa mengi ya mwenye chipu chache hukaa kwenye safu hiyo, na programu haiwezi kukusahihishia.