Trela ndogo ya safari: nondo za pauni ngapi?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Niko Minnesota, nimenunua trela ndogo ya kulala, ya ekseli moja. Karatasi ya muuzaji inasema shingo ya trela, ile ncha ya mbele inayoegemea gari, ina uzito wa pauni 330. Gari langu ni SUV inayoruhusiwa kuvuta pauni 5,000. Nikiifunga trela, gari linachuchumaa nyuma, taa zinamulika vilele vya miti na usukani unakuwa mwepesi. Muuzaji ananishauri ninunue kifaa cha kugawa uzito, kile chenye nondo za springi kati ya gari na shingo ya trela, za kuhimili pauni 1,000, eti nisiwe na wasiwasi. Nichukue? Na je, naweza kukifunga mwenyewe?

JIBU: Salama, kaka. Kukifunga utaweza, ni kazi ya nusu siku. Nondo za 1,000 usichukue.

Kabla ya kutoa hela, fungua kitabu cha gari kwenye sura ya kuvuta trela. Yapo magari ambayo watengenezaji wake wanakataza kabisa kifaa hiki, kwa sababu bodi ya nyuma haikuundwa kubeba msokoto wa nondo. Kisha lala chini ya bampa usome kibandiko cha soketi, lile tundu la chuma ambamo kifaa huchomekwa. Mara nyingi kina mistari miwili: kiwango cha kubeba uzito bila kifaa, na kiwango cha kutumia kifaa. Ukikuta mstari mmoja tu, au soketi ni ile nyembamba ya inchi 1¼, simama hapo hapo. Kwa kazi hii unahitaji soketi ya inchi 2.

Sasa hiyo 330. Hiyo ni trela kavu, kama ilivyotoka kiwandani. Mitungi miwili ya gesi ya pauni 20 ikijaa ina karibu pauni 37 kila mmoja, na betri ni kama 50. Vyote vinakaa mbele, juu ya shingo. Tayari uko karibu na 450 na hujapakia hata sufuria.

Usikisie, pima. Pakia trela kama ya safari, izuie magurudumu kwa vigingi, isimamishe sawa. Weka mizani ya bafuni upande mmoja na tofali upande wa pili, ulaze ubao mgumu juu yake. Jeki ya shingo ikae kwenye ubao, futi 1 kutoka mahali ubao unapoegemea tofali na futi 2 kutoka mahali unapoegemea mizani. Mizani irudishwe sifuri ubao ukiwa tayari juu yake. Kinachosomeka zidisha kwa 3: ikisoma 150, shingo ina 450. Kwa trela iliyojaa ya pauni 3,700 hiyo ni asilimia 12, na unatakiwa uwe kati ya 10 na 15. Chini ya 10 trela itatikisa mkia barabarani, na hakuna nondo itakayotibu hilo. Hamisha mzigo mbele.

Kwa kuchagua nondo, ongeza juu ya 450 mzigo ulioko kwenye gari nyuma ya ekseli ya nyuma. Tuseme pauni 120 za jokofu, viti na zana: jumla 570. Nondo zako ni za 600. Za 1,000 hazitapinda vya kutosha kwa uzito huo, na nondo isiyopinda si springi tena, ni mtaimbo. Kila shimo la barabara litapigwa moja kwa moja kwenye fremu ya trela, ambayo kwa trela ndogo ni nyembamba. Tena ni rahisi kuinua kupita kiasi mpaka magurudumu ya nyuma ya gari yawe mepesi, na kwenye lami yenye maji hapo ndipo gari linapojikunja.

Kifaa chenyewe hakiongezi uwezo wa gari hata pauni moja. Fikiria mzegazega: mzigo wa nyuma ukizidi, wa mbele unapanda. Nondo zinarudisha sehemu ya uzito kwenye ekseli ya mbele, na sehemu nyingine kwenye ekseli ya trela, basi. Shingo, watu, mizigo na kifaa chenyewe bado vinahesabiwa kwenye kikomo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva.

Mimi ningekushauri aina ambayo nondo zinakaa juu ya mabano ya fremu ya trela na kusuguana nayo, kwa sababu msuguano huo unapunguza kuyumba. Aina ambayo nondo zinaning'inia kwa minyororo ni nafuu, lakini itakutaka ununue fimbo ya msuguano pembeni, na fimbo hiyo lazima ivuliwe kila unapotaka kurudi nyuma. Watu husahau, inapinda.

Kufunga: gari na trela mahali tambarare, vyote vimepakiwa, upepo wa tairi uko sawa. Pima kutoka ardhini hadi ukingo wa madigadi ya mbele, juu ya kitovu cha gurudumu. Tuseme inchi 34. Funga trela bila nondo, pima tena: 35. Mbele imepanda inchi moja. Vitabu vingi vya magari vinataka urudishe nusu, yaani ushuke hadi 34½. Vingine vinataka zaidi, fuata chako. Usishushe mbele chini ya 34 kamwe.

Tufe, ule mpira wa chuma upande wa gari, lilingane na ukubwa uliochapwa kwenye kikombe cha trela kinacholifunika, na kichwa chake kiwe juu ya kimo cha kikombe kwa kati ya sifuri na inchi 1, trela ikiwa sawa. Nati ya tufe ndiyo wengi wanaibana kwa kukisia. Shina la inchi 1¼ hutaka takriban futi-pauni 430 hadi 450, mkazo ambao spana ya nyumbani haifiki. Peleka gereji yenye spana ya kupima mkazo.

Mabano ya fremu yafungwe kwa umbali ulioandikwa kwenye kijitabu. Chungulia chini kwanza: bomba la gesi na nyaya za breki hupita papo hapo.

Kuingiza nondo, usizipandishe kwa nguvu za mkono. Funga kikombe, tia pini, kisha inua kwa jeki shingo pamoja na mkia wa gari, inchi 3 au zaidi. Hapo nondo zinaingia kwa urahisi, na unajua kikombe kimeshika kweli, maana kisingeshika kingechomoka. Kuvua ni hivyo hivyo. Anayeachia nondo bila jeki anaweza kuvunjwa mkono zinapofyatuka.

Shusha, pima. Mbele bado iko juu? Ongeza washa (pete ya chuma) moja ili kichwa cha kifaa, pale panapokaa tufe, kiegemee zaidi upande wa trela. Imeshuka mno? Toa moja. Baadaye pita kwenye mizani ya malori barabarani, upime mara tatu: gari peke yake, gari pamoja na trela bila nondo, kisha gari pamoja na trela nondo zikiwemo. Ekseli ya mbele ndiyo ya kuangalia.

Baada ya maili 50 za kwanza kaza bolti zote upya. Mlio wa kusuguana unapokata kona ni kawaida. Mlio wa kugonga ni bolti iliyolegea. Minyororo ya usalama bado ipite msalaba chini ya shingo, na waya wa breki ya dharura ufungwe kwenye gari lenyewe, si kwenye minyororo.

Na kama trela yako ina breki za kusukumwa (zinazoshika trela inapolisukuma gari) badala ya za umeme, muulize mtengenezaji wa kikombe kabla ya kununua chochote. Baadhi ya vifaa hivi huzuia kikombe kisisogee, na breki hazishiki.