Dodgers, usingizi na bando

Ndugu yangu, umeuliza utawafuataje Dodgers, timu ya besiboli ya Los Angeles, bila kusinzia kazini, nawe unatoka Umoja hapa Nairobi asubuhi na mapema. Kwanza acha kukesha! Timu ya ligi kuu ya besiboli Marekani hucheza mechi 162 kwa msimu, na hakuna mwili unaoziweza zote.

Mechi zao nyingi za nyumbani huanza baada tu ya saa moja jioni kule Los Angeles. Kwetu hiyo ni saa kumi na moja alfajiri, na hapo una bahati. Lala mapema, amka, tazama mechi chai ikichemka, kisha sikiliza iliyobaki ukiwa kwenye matatu. Sauti pekee hailambi bando kama video.

Wakienda New York, mechi ya jioni kwetu ni saa nane usiku. Hiyo achana nayo kabisa; mimi nimewahi kusinzia mbele ya mdosi kwa sababu yake. Soma matokeo asubuhi.

Za Jumapili mchana nyumbani kwao huanza kama saa tano usiku. Angalau tangu 2023 mrushaji huhesabiwa sekunde kabla ya kurusha mpira, na mechi nyingi huisha kabla ya muda wa saa tatu kupita.