Nani alishika kalamu? Ushauri kwa anayetaka kuingia isimu ya kimahakama

Wanafunzi wa isimu huniuliza wafanyeje ili waingie kwenye kazi ya kuchunguza lugha kwa ajili ya kesi. Wengi wanadhani tunakaa kutwa tukilinganisha ujumbe wa vitisho na maandishi ya mtuhumiwa mpaka jina lijitokeze. Ingekuwa raha sana. Muda wangu mwingi unaishia kwenye swali moja la kuchosha: haya maneno niliyoletewa ni ya nani hasa?

Chukua maelezo ya onyo ya polisi, yaani maelezo ya mtuhumiwa yanayoandikwa baada ya kuonywa kwamba yanaweza kutumika mahakamani. Karatasi inasimulia vizuri tangu juu hadi chini, na mwisho kuna dole gumba. Lakini aliyesema alikuwa anajibu maswali, pengine kwa Kisukuma au kwa Kiswahili cha kwao. Askari ndiye aliyeandika, akayaacha maswali nje na kuunga majibu yakawa hadithi moja. Nikikutana na "mnamo majira ya saa mbili usiku" katika maelezo ya kijana wa bodaboda, najua hapo anayezungumza ni kituo cha polisi.

Kesi ya kusoma kabla ya zote ni ya Derek Bentley, kijana wa miaka 19 asiyejua kusoma vizuri, aliyenyongwa London Januari 1953. Polisi waliapa kwamba maelezo yake aliyatamka mwenyewe, bila kuulizwa maswali. Baadaye mwanaisimu Malcolm Coulthard aliyapima: katika maneno 582, neno la Kiingereza lenye maana ya "kisha" limejirudia mara 10, tena mara nyingi limekaa baada ya mtenda, kama mtu aseme "mimi kisha nikaenda". Ndivyo polisi walivyozoea kuandika, si ndivyo watu wa kawaida walivyozungumza. Hatia ilifutwa mwaka 1998. Usije ukawaambia watu kwamba isimu ndiyo iliyoifuta, maana majaji wa rufaa waliegemea zaidi namna jaji wa kwanza alivyoliongoza jopo la raia lililoamua kesi. Taaluma yetu ina tabia ya kujipigia debe, nawe utaikuta.

Kwetu mambo yana tabaka la ziada. Kwa miaka mingi shahidi wa Tanzania alisema kwa Kiswahili na hakimu au jaji akaandika kwa Kiingereza, isipokuwa mahakama za mwanzo. Sheria ilibadilishwa 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama. Kwa hiyo ukishika jalada la zamani, usihesabu maneno yaliyomo ukasema ni mtindo wa shahidi. Ulichonacho ni tafsiri ya hakimu, iliyoandikwa mbiombio. Arusha, katika kesi ya mauaji ya kimbari ya Rwanda iliyomkabili Akayesu na kuhukumiwa 1998, ushahidi mwingi ulitolewa kwa Kinyarwanda, ukatafsiriwa Kifaransa, kisha Kiingereza. Mahakama ilimtegemea mwanaisimu Mathias Ruzindana aeleze maneno kama "inyenzi" (mende) na "inkotanyi" (wapiganaji) yalibeba maana gani wakati ule na mahali pale. Hakuulizwa nani aliyatamka. Kazi nyingi nzuri ziko upande huo wa maana, na vijana hawaufikirii kabisa.

Sasa simu. Wakili atakutumia picha za skrini za WhatsApp, nyingine zimekatwa juu na chini, na atataka jibu kesho. Omba mazungumzo yote pamoja na tarehe. Uliza kama simu ilikuwa inatumiwa na mtu mmoja, na kama ujumbe ulisambazwa kutoka kwingine. Halafu usikimbilie "xaxa" na "cjui". Wanaoandika hivyo ni kizazi kizima. Anayeandika "akuna" badala ya "hakuna", au anayechanganya "r" na "l", anakuonyesha kundi alilotoka. Mtu mmoja huanza kuonekana pale tabia ndogondogo kadhaa zinapokutana, zikajirudia kwenye maandishi ambayo kila upande unakubali ni yake, ya aina ileile na ya kipindi kilekile. Mara nyingi maandishi hayo hayatoshi, na ripoti yako inapaswa kusema hivyo waziwazi.

Kuhusu masomo nitasema kidogo. Fonetiki, isimujamii, na takwimu hata kama unazichukia. AntConc ni programu ya bure ya kutafuta na kuhesabu maneno katika maandishi, inatosha kuanzia. Hudhuria kesi za wazi usikilize mashahidi wataalamu wanavyohojiwa. Darasani hutafundishwa hilo.

Malipo yapange kwa saa na yaandikwe kabla hujafungua jalada. Usikubali fedha inayotegemea kesi kushinda. Wakili wa upande wa pili atakuuliza umelipwa kiasi gani na kwa masharti gani, na utalijibu swali hilo ukiwa umeshaapa.