Mafuta ya miaka 25,000 yasiyochacha

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nachimba mchanga Mto Ruaha Mdogo, hapa Iringa. Mdogo wangu aliye chuoni anasema wanasayansi walijua joto la kale la Kongo kwa kupima mafuta ya bakteria kwenye tope. Mimi mafuta ya kula nikiyasahau miezi michache yananuka. Hayo yalidumuje? Na mchanga wangu je, una habari yoyote?

JIBU: Marahaba. Mdogo wako hajakudanganya.

Tuanzie jikoni. Baridi yenu ya Julai hugandisha mafuta ya nazi hadi uanike chupa juani, huku ya alizeti yakimiminika tu. Molekuli zilizonyooka hubanana, zilizopinda hazipangiki. Sasa bakteria amezungukwa na utando wa mafuta, na ukiganda amekwisha. Ndiyo maana kwenye udongo wa baridi tunakuta molekuli za utando zenye vijitawi vingi, hata sita, vinavyozizuia zisibanane, na kwenye udongo wa joto aghalabu vinne. Hesabu vijitawi, ukadirie joto.

Kuhusu kuchacha: mafuta yako ya kula yameunganishwa kwa vifungo vya esta, vile vile tulivyokuwa tukivivunja kwa soda kostiki darasani tukipika sabuni. (Mwaka mmoja tulitoboa sufuria ya shule. Mkuu hakucheka.) Hawa bakteria hutumia vifungo vya etha, ambavyo soda kostiki haiviwezi. Tena molekuli moja hupita utando mzima, upande hadi upande, kama boriti iliyolala juu ya kuta mbili. Ifukie kwenye tope lisilo na oksijeni, itakaa.

Habari ya Kongo ilitoka mwaka 2007. Johan Weijers wa taasisi ya bahari ya NIOZ, Uholanzi, na wenzake walichunguza mashapo ya Atlantiki, nje ya mdomo wa Mto Kongo, ambako mto humwaga udongo wa bonde lake lote. Tabaka baada ya tabaka, walisoma kwamba katika miaka 25,000 Afrika ya Kati ilipanda kutoka nyuzi kama 21 hadi 25. Nyuzi nne! Lakini mimi siiti hiyo themomita. Kosa lake ni nyuzi kadhaa, na baadaye Mto Yenisei wa Siberia ulionyesha kwamba bakteria wa majini nao hutengeneza mafuta ya jamii hiyo hiyo, yakachanganyika na ya udongoni.

Mchanga wako? Hauna kitu cha maana. Mafuta haya hushikamana na chembe laini za udongo wa mfinyanzi, na kila mafuriko hukuchanganyia mchanga upya. Uza bila wasiwasi. Ila ukikuta kinamasi chenye tope jeusi laini, lililolala tabaka juu ya tabaka, niandikie tena. Nitakuja na buti.