Kutoka kwenye habari kwenda kwenye mchezo wa kuigiza

"Yaya, nimechoka na habari. Nataka kuandika michezo kama wewe, nianzie wapi?" Waandishi vijana wa hapa Lubumbashi huniuliza hivyo (yaya kwetu ni ndugu mkubwa), na wengi hutegemea niwaambie habari za kipaji. Mimi huwauliza habari za bahasha.

Tulioishi kwa uandishi wa habari Kongo tunajua kwamba mshahara, kama upo, sio unaonunua unga wa bukari, ugali wetu. Kinachonunua ni coupage, ile bahasha anayotoa mwenye semina ili habari yake itoke. Haiandikwi popote, ndiyo maana anayeacha kazi huhesabu mshahara peke yake na kusema ni kidogo, hataumia. Haipiti muda mrefu, minervali, yaani karo ya watoto, imemshinda. Chukua daftari, andika mwezi mzima kila kilichoingia mfukoni, hadi pesa ya teksi uliyopewa ukaenda kwa miguu. Jumla hiyo ndiyo pengo lako.

Mimi nililiziba kwa kutafsiri mikataba na ripoti, Kifaransa kwenda Kiswahili na kurudi. Inaumiza macho, lakini jioni maneno yangu mwenyewe bado yapo. Kuwaandikia wanasiasa hotuba kungelipa vizuri zaidi, ila kazi ile hula mahali palepale mazungumzo ya wahusika yanapotoka. (Kuna sababu nyingine pia, tuiache.)

Pesa, hata hivyo, hupangika. Mkono ndio mkaidi. Habari imetufundisha kumwaga kila kitu kwenye sentensi ya kwanza: nani, wapi, lini, wangapi. Ukiingia na mkono huo jukwaani utaandika mke anayemsalimia mumewe asubuhi: "Umeamkaje, wewe uliyeondoka kampuni ya madini ya Gécamines mwaka 2003 pamoja na wafanyakazi zaidi ya 10,000 katika mpango wa kuondoka kwa hiari?" Hakuna mke anayesema hivyo. Atamsogezea chai isiyo na sukari na kuuliza kama leo pia anakwenda kukaa na wenzake. Mtazamaji wa Katuba, mtaa wa hapa mjini, ataelewa yote, pengine baba yake alikuwemo.

Ugonjwa huu hauponi kwa kusoma vitabu vya mbinu. Mji wetu una urithi mkubwa wa mchezo wa Kiswahili, na kundi la Mufwankolo ndilo lililoupeleka redioni na kwenye televisheni. Mwaka 1986 walitunga mchezo mzima kutokana na msemo mmoja kuhusu utawala: walianza kwa kubishana maana yake, wakagawana nafasi, wakajaribu maonyesho moja baada ya jingine bila maandishi kamili mkononi, kisha wakauchezea kijijini Kawama, nje ya mji. Kwao maneno yalianzia mdomoni. Sisi wa magazeti tunaanzia kwenye karatasi, tena mara nyingi kwa Kifaransa kichwani.

Kwa hiyo tafuta kundi lolote linalofanya mazoezi karibu nawe na uombe kazi ndogo, hata ya kuwakumbusha waigizaji maneno. Mwigizaji akibadilisha sentensi yako, usimkatize, andika alivyosema. Akiisahau kila mara, ifute.

Nyumbani watasema umeacha kazi ya watu wazima ukawe mchekeshaji. Waache, watazoea.

Usigombane na uliowaacha kwenye habari. Tiketi za mlangoni hazilishi mtu hapa. Sehemu kubwa ya malipo hutoka kwa mashirika yanayotaka mchezo wa redio kuhusu kipindupindu au chanjo, na msimamizi wa mradi anaweza kuwa yule yule uliyekuwa ukiandika semina zake. Kwa hiyo mjue, ila msikubaliane kwa mdomo tu. Dai nusu ya malipo kabla ya mazoezi kuanza, na iandikwe kwamba wakishautangaza, maandishi yanabaki yako.