Kuku wa mavuno asife kabla ya mnada

Wiki hii msomaji mmoja ameniandikia akiwa na uchungu. Jumapili ya mavuno, siku ya kumshukuru Mungu kwa mazao ambayo hupigwa mnada kanisani, alipeleka majogoo wawili, mkungu wa ndizi na trei ya mayai. Jogoo mmoja alikata roho kabla ya baraka ya mwisho, ndizi zilifika zimepondeka, na mayai aliyoyaosha yakang'aa yalianza kunuka kwa aliyeyanunua baada ya siku chache. Sasa anauliza: mwakani si afadhali nitie fedha kwenye bahasha, nimalize?

Hapana. Bahasha haina ubaya, na mwenye mshahara ashukuru kwa mshahara wake. Mwenye shamba akishukuru kwa noti peke yake, kuna jambo linapotea. Kumbukumbu la Torati sura ya 26 inaeleza hatua kwa hatua. Mkulima anatwaa malimbuko, yaani mazao yake ya kwanza, anayatia kapuni, anampelekea kuhani, kisha anasimulia kwa sauti ukoo wake ulikotoka: babu aliyetangatanga, utumwa wa Misri, mpaka nchi aliyonayo leo. Baadaye anafurahi pamoja na Mlawi na mgeni. Kapu, maneno, kisha watu kushiriki. Wengi wetu tumeshika kapu tu, tukadhani sadaka inaishia madhabahuni. Haiishii pale. Jumatatu kuna mtu atalipika lile toleo lako na kuwalisha watoto wake.

Ndugu zetu Waislamu wa pwani wanalielewa hili kuliko sisi. Zaka ya fitri ina kipimo, pishi moja ya chakula kinacholiwa mahali pale, vibaba vinne, yaani kama kilo mbili na nusu za mchele, kwa kila mtu wa nyumbani hata mtoto mchanga. Ina wakati pia: itoke kabla ya swala ya Idi. Ukiitoa baada ya swala, inahesabiwa sadaka ya kawaida na ile fitri imekupita. Sababu iko wazi, maskini naye apike siku ya sikukuu, asipike kesho yake. Kipimo, wakati na hali ya kitu chenyewe. Mavuno yetu hayana sheria kali namna hiyo, lakini mambo hayo matatu ndiyo yanayotenganisha toleo na takataka iliyobarikiwa.

Nimesema takataka, na sifuti. Tunaoshika meza ya mavuno tunayaona magunia. Mahindi yaliyotobolewa na mdudu dumuzi, yaliyokataliwa sokoni siku ya Alhamisi, Jumapili yako mbele ya madhabahu yamefungwa utepe. Malaki alikwisha kulalamika kuhusu wanyama vipofu na vilema, akawaambia watu wampelekee liwali wao waone kama atawapokea. Jaribu leo kumpelekea mkuu wa wilaya.

Kwa hiyo tuanze na mahindi. Lazima yawe makavu kweli, na jino si kipimo cha kutegemea. Chukua chupa kavu ya kioo yenye kifuniko, tia mahindi hadi theluthi moja, ongeza vijiko viwili vya chumvi iliyoanikwa juani ikakauka. Funga, tikisa dakika chache, acha itulie robo saa. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana maji, yarudi kwenye turubai. Ikishuka yote chini, yako tayari kwa gunia. Mahindi mabichi yakifungwa huota ukungu, na ukungu huleta sumukuvu. Sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa. Ugali wake unaweza kumdhuru aliyeununua kwa moyo safi. Punje zilizobadilika rangi, zilizosinyaa au zenye vumbi la kijani zichambuliwe kwa mkono, na usimpe kuku hizo ulizozitoa. Kama debe zima halifiki, leta nusu debe safi. Hakuna aliyesema lazima lijae.

Mkungu wa ndizi za kuiva ukatwe ndizi zikiwa zimejaa, pembe zake zimeanza kulainika, rangi bado kijani. Uukate siku tano au sita kabla ikiwa unataka zifike na manjano. Ukiukata Jumamosi utafika kijani, na hilo si kosa, mnunuzi ataivisha kwake. Kosa ni kuulaza chini shambani ukiwa unatoka utomvu, kisha kuurusha kwenye bodaboda. Uning'inize kwanza utomvu uishe, halafu uviringishe kwa majani makavu ya mgomba. Michubuko huonekana baada ya siku mbili, wakati wewe umeshapigiwa makofi.

Mihogo ing'olewe Jumamosi jioni, si Alhamisi, kwa kuwa baada ya siku mbili tatu nyama yake huanza mistari myeusi. Mboga za majani zichumwe alfajiri ileile na zifunikwe gunia lililolowa. Parachichi likatwe na kikonyo chake kidogo. Likinyofolewa, pale juu huoza kabla halijaiva. Maziwa mabichi yasiyo na barafu hayawezi kungoja ibada ya saa tatu pamoja na matangazo yake. Leta mtindi kwenye kibuyu.

Mayai, ndugu yangu msomaji, hayaoshwi. Ganda lina utando mwembamba unaoziba vitundu vyake. Ukiosha unauondoa, na maji machafu huingia ndani pamoja na vijidudu. Futa uchafu kwa kitambaa kikavu, lenye kinyesi kingi libaki nyumbani mle leo. Panga kwenye trei ncha kali ikiwa chini. Ukiwa na shaka na yai, lichovye kwenye bakuli la maji: linalolala chini ni jipya, linaloelea juu ni la zamani. Hilo ulilolichovya nalo lisirudi kwenye trei.

Sasa jogoo. Ndege hatoi jasho. Hupoza mwili kwa kuhema mdomo wazi na kuachanisha mabawa. Ukimfunga kwenye mfuko wa salfeti au ukamsukuma chini ya benchi kwenye kanisa la bati lililojaa watu, umemnyima njia zote mbili. Ukimbeba kichwa chini mwendo wa saa nzima ni vibaya zaidi, kwa sababu ndege hana msuli unaotenganisha tumbo na kifua kama sisi, hivyo utumbo wote hulalia mifuko yake ya hewa. Anaonekana ametulia. Hajatulia, anakosa pumzi.

Fanya hivi. Mshike usiku akiwa bandani, hapo hakimbizwi wala hachoki. Asubuhi mpe maji, chakula usimpe. Mtie kwenye tenga la fito au la mianzi ambalo anaweza kukaa na kugeuka. Majogoo wawili wasiojuana watengane, watapigana. Kama ni lazima kufunga miguu, tumia kipande cha kitambaa chenye upana wa vidole viwili, usitumie kamba ya nailoni inayokata damu. Fika mapema, mwache nje chini ya mti na mtu wa kumwangalia. Ikifika zamu ya kutoa, mwingize kanisani ukimshika kwa mikono miwili, mabawa yamebanwa, kichwa juu. Akishapokelewa arudi kivulini. Inatosha kumwona dakika moja. Mungu haangalii saa ya mkononi.

Kuhusu mapambo, hii ni sanaa na ina wenyewe, lakini niseme machache. Mabua ya mahindi husimamishwa pembeni, maboga na nazi chini, vyenye rangi kali kama nyanya na machungwa mbele, nafaka kwenye nyungo ili ionekane. Kwa Wakatoliki vitu hivi havipandi juu ya altare. Utaratibu wa Misa unataka fedha na vipaji vingine viwekwe mahali pake, mbali na meza ya Ekaristi. Wakongo, kwa utaratibu wao wa Misa ulioidhinishwa mwaka 1988, wameyapa maandamano ya vipaji mwendo wa ngoma, watu wanakuja wakicheza na mikono imejaa. Huwezi kucheza ukiwa umeshika bahasha ukaeleweka. Kapu la viazi linacheza lenyewe.

Tukifika mnadani, hapo ndipo sadaka nyingi hupotea, na si kwa wizi. Hupotea kwa mpangilio. Vinavyoharibika vianze: maziwa, mboga, kuku, mayai. Nafaka na maboga vingojee. Nimeona ratiba zinazoanza na gunia la mzee wa kanisa kwa heshima, mchicha ukauzwa saa nane umenyauka. Heshima ya mzee haitaoza, mchicha unaoza.

Gawa mafungu. Gunia zima la viazi linanunuliwa na watu watatu walewale wenye magari, wengine wote wanabaki kupiga vigelegele. Ligawe sado kwa sado, uone mama wa kibanda cha chipsi naye anainua mkono. Bei ya kuanzia iwe chini kidogo ya soko. Mnadi mzuri huchekesha bila kumtaja mtu jina. Akianza kusema "fulani leo mbona kimya", amegeuza ibada kuwa deni la aibu. Ule mchezo wa yai moja kuuzwa, mnunuzi akalirudisha, likauzwa tena, ni mtamu na unaingiza fedha, ila mara tatu zinatosha. Baada ya hapo mwenye kitu cha kununua kweli amechoka juani na ameondoka.

Karani awe na daftari lenye safu tano: kitu, mtoaji, mnunuzi, bei, amelipa au bado. Safu ya mwisho ndiyo inayotutoa machozi wahazini. Watu wanapandisha bei kwa shangwe, wanabeba mbuzi, halafu wanasema watatuma kwa simu jioni. Jioni hiyo wengine hawajaiona hadi leo. Mbuzi asiondoke bila fedha taslimu au ujumbe wa malipo kuonekana kwenye simu ya kanisa, simu ya kanisa na si ya mtu binafsi. Ahadi ya mnadani ni sadaka vilevile, na aliyeahidi mbele ya watu mia mbili asisubiri kufuatwa nyumbani. Fedha zihesabiwe na watu wawili wasio wa nyumba moja, wasaini palepale, na jumla itangazwe Jumapili inayofuata pamoja na madeni yaliyobaki, bila majina.

Sasa nirudi kwa msomaji wangu. Jogoo aliyekufa asiliwe wala asiuzwe, hata kama bado ana joto na mtu anakuambia ni joto la kanisa tu. Mfukie shimo refu mahali mbwa hawafukui. Huyo mwenzake aliyenunuliwa, mwambie mnunuzi amtenge siku 14 kabla ya kumchanganya na kuku wake, kwa sababu mnadani hukutana kuku wa mitaa yote. Akianza kuhara kijani, kupinda shingo au kuzubaa, huo huenda ni mdondo, ugonjwa wa kuku unaoambukiza, amwite mtaalamu wa mifugo. Waliobaki nyumbani kwako wapate chanjo ya mdondo ya matone ya jicho sasa hivi wakiwa wazima, na irudiwe kila baada ya miezi mitatu. Chagua jogoo wa mwakani katika hao.