Barua kwa mwanangu: kwa nini nahudhuria vikao

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza daktari bingwa wa tiba ya dharura anatafuta nini kwenye vikao vya sera, na kama wagonjwa wamenichosha niseme tu. Kilichonichosha ni korido.

Ukiingia kitengo cha dharura saa tisa usiku, utakuta machela zimepangwa ukutani. Mzee mmoja anavuta oksijeni ya mtungi uliolazwa chini ya machela yake, na muuguzi anachungulia geji kila akipita. Utadhani shida ni watu kujaa mlangoni, kumbe mara nyingi iko wodini. Huyo mzee nimeshaamua alazwe, ila kitanda chake kinakaliwa na mtu aliyepona tangu asubuhi, anayesubiri daktari asaini au dawa za kwenda nazo. Hapo ubingwa wangu haumsaidii kitu. Anayeweza kumsaidia ni yule anayepanga saa za kuruhusu wagonjwa na idadi ya wauguzi wa zamu, na huyo hukutana naye kwenye kikao.

Huko nako usidhani ukisema jambo limeisha. Mshauri haamui; anaandika, wenzake wanapunguza, waziri anasoma aya ya kwanza. Tena sera nzuri huweza kupinda. Mpango wa afya wa Uingereza wa mwaka 2000 ulitaka ifikapo 2004 mgonjwa wa dharura asikae kitengoni zaidi ya saa 4. Kusubiri kulipungua kweli, wala sibezi. Lakini takwimu zilionyesha wagonjwa wengi wakiondolewa kitengoni dakika za mwisho kabla saa ya 4 haijatimia. Saa ndiyo iliyokuwa ikitibiwa! Aliyewahi kushika zamu angelihisi hilo mapema, na ndiyo maana vikaoni nabishana nao kuhusu kipimo cha mafanikio kuliko kuhusu pesa.

Kwa hiyo zamu sijaziacha, ingawa magoti yananung'unika. Mwaka 2019 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuimarisha huduma za dharura. Nalisifu, ila nikiwa zamu ndipo najua kama anayepokea wagonjwa mlangoni amefundishwa kumtambua asiyeweza kungoja.

Kama unauliza kwa sababu nawe unaitamani njia hii, anza na zamu, vikao vitakukuta. Jumapili niko kazini mchana kutwa, nipigie usiku.

Mama yako